Ubao Wako Nimeukuta Kwa Mrombo

Baba,

Mimi nilikuwa naweza kusimama.

Sijawahi kumwambia mtu. Mama hajui, Bibi hajui, na hata mdogo wangu Shabani, ambaye hujua kila kitu kilichofichwa chini ya kitanda, hajui. Niliweza kusimama juu ya ubao wako tangu likizo ya mwisho wa mwaka nikiwa kidato cha kwanza, kisha nikaendelea kuanguka mbele yako kwa makusudi mpaka ulipofariki. Sentensi hiyo nimeiandika mara kadhaa nyuma ya daftari la hisabati na kila mara nimeichana. Leo nimeiacha.

Shikamoo. Ilitakiwa nianze na hiyo.

Ulizoea kusema mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema, na kwamba siku nikiwa na jambo zito nikuandikie tu, utalisoma ukiwa kwenye foleni ya magari getini Ngorongoro. Sikukuandikia hata mara moja. Niliona barua ni za watu walio mbali, na sikutaka kukubali kwamba wewe ulikuwa mbali.

Naukumbuka ubao ulipokuja. Nilikuwa mdogo, tunatoka Pangani likizo, na ulifungwa juu ya basi kati ya magunia ya nazi na baiskeli ya mtu. Kondakta aliuzunguka akautazama, akakuuliza, "Mzee, hicho kifuniko cha jeneza unakipeleka wapi?" Ukamwambia, "Huu ni mlango wa nyumba yangu, kijana. Uufunge vizuri, usije ukatuachia nyumba wazi." Watu wote walicheka. Tangu siku hiyo hapa Kaloleni, chini ya mlima Meru, ukaitwa mlango wa Hamisi. Wapangaji wenzetu ni watu wa milimani. Hawajawahi kuona mtu akisimama juu ya wimbi, na hata ulipowaeleza waliona unawatania.

Mimi ulinieleza vizuri. Ulisema ulipokuwa mtoto, wakati wa kusi, nyinyi wavulana wa Pangani mlikuwa mkienda pale mto unapoingia baharini, mnalala juu ya vipande vya mbao, mnasubiri wimbi liwainue na kuwatupa mchangani. Kisha mjomba wako akakuchongea huu wa msufi, mrefu, mwepesi, umepinda kidogo mbele kama ncha ya kiatu, ili uweze kusimama. Ulisema ukisimama hakuna sauti. Wimbi linanguruma nyuma yako lakini wewe husikii kitu. Nilikuuliza unasikia nini, basi, ukafikiri, ukasema, "Magoti yangu."

Zamani tulikuwa tukienda wote. Ulipokuwa dereva wa shirika la umma, likizo ilikuwa likizo: barua inatoka, nauli ya familia inatoka, tunafunga chumba tunakwenda kwenu. Mama alikaa mchangani amejifunika kanga mpaka puani, akilalamika jua, lakini nilimwona akikutazama. Halafu shirika likauzwa, mkapunguzwa, na kila mwenye gari mbili akafungua kampuni ya utalii. Ulipata kazi haraka kwa sababu ulizijua njia zote za Serengeti. Lakini kampuni mpya haikuwa na neno likizo. Ulikuwa unarudi na vumbi, unalala siku mbili, unaondoka na wageni wengine. Siku ya mahafali yangu ya darasa la saba ulifika jioni, viti vimeshaondolewa, bado umevaa ile kofia ya kampuni. Ukaniomba nisimame katikati ya chumba nikusomee cheti changu kwa sauti, kana kwamba ndiyo sherehe yenyewe. Nilisoma. Ulipiga makofi peke yako. Nilikuwa nimekasirika na sikutaka ujue, kwa hiyo nilisoma haraka haraka. Siku hizi nakisoma polepole.

Na zile siku chache ulizokuwa huru, mara nyingine ulipanda basi la Tanga peke yako. Ulirudi na chumvi masikioni na ngozi ya mabega imebabuka, ukiwa mtu mwingine kabisa, mcheshi, unamwosha Shabani huku unaimba. Sisi tulifaidi ule ucheshi, lakini Mama alifanya hesabu nyingine. Bombani wanawake walikuwa wakimchokoza. Mama Neema wa chumba cha pili ndiye aliyekuwa hodari. "Mama Zena, vumilia tu. Hamisi ana mke mdogo Pangani, na ashukuriwe Mungu mke mwenyewe hadai hata kanga." Wote walicheka, na Mama pia alicheka. Mimi nilikuwa nimeinama nafua soksi zangu za shule na sikucheka. Nilijua wanasema bahari. Lakini mtoto anaweza kujua kitu na bado akaogopa kitu kingine.

Siku mlipogombana nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu la kusomea, lile ulilonitengenezea ukaliweka chini ya dirisha. Mlidhani nasoma. Mama alisema, "Wageni wako wanakuona kuliko wanao. Zimebaki siku mbili, nazo unaipa chumvi." Wewe hukuwa mtu wa kujibu upesi. Kisha ukasema, "Sawa, Mama Zena. Siendi tena peke yangu. Tutakwenda wote, kama zamani. Zena nitamfundisha hapa hapa nyumbani. Siku atakaposimama mpaka nihesabu ishirini, naomba ruhusa kazini, wakininyima naacha kazi." Mama akasema, "Huyu wa vitabu?" Ukasema, "Huyu huyu."

Ulichonga gogo la mkaratusi likawa la mviringo, ukaliweka uwanjani kati ya bomba na kamba za nguo, ukaulaza ubao juu yake. Ukanipandisha. Nilianguka kabla hujafika mbili. Wapangaji walitoka na viti. Mama Neema aliuliza, "Hamisi, bahari yako imekauka?" ukamjibu, "Inakuja, Mama Neema. Imekwama Korogwe." Niliona aibu mpaka nikatamani kuingia ndani ya bomba. Lakini ulinishika kiganja, kidogo tu, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto, ukaniambia, "Magoti laini. Macho mbali. Usitazame miguu, miguu ipo, haijaenda popote."

Kila uliporudi safari tulifanya hivyo. Ulikuwa hungoji hata chai. Unaoga, unavaa ile kaptula yako ya kaki, unaniita kwa lile jina la kunitania kwa vitabu vyangu, "Mwalimu, njoo." Na baada ya kuanguka kwa siku hiyo tulikaa wote wawili juu ya ubao uliolala chini, migongo ukutani, ukanihadithia. Ulinihadithia habari za yule mgeni wako aliyekuwa mpanda mawimbi wa kwao, ambaye hamkuelewana lugha hata kidogo, mkapanda wote juu ya boneti ya gari katikati ya Serengeti kuonyeshana jinsi ya kukunja magoti, na wageni wengine wakafikiri mmeona simba. Alikupa picha aliyoichana kwenye gazeti lake, mwanamke amesimama juu ya wimbi la kijani refu kama jumba. Mama alikataa picha ile kubandikwa ukutani na zile nguo fupi za kuogelea. Ukachukua kalamu ya wino ukamchorea yule mwanamke kanga, mpaka na pindo, ukaibandika. Bado ipo. Wino umepauka, kanga imekuwa ya zambarau.

Ulinihadithia pia kuhusu maji. Kwamba maji ya ule mfereji unaopita kwenye migomba ya Bibi, kule mlimani, yanashuka mpaka mto Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia kwenye mto Pangani, na mto unakwenda kumwagika pale pale ulipojifunzia kusimama. "Mimi na mama yako tulioana kwa maji kabla hatujajuana," ulisema. Nilidhani ni maneno yako tu ya pwani. Mwaka huu mwalimu wa jiografia alitundika ramani na nikaufuata mto kwa macho kutoka Meru mpaka baharini. Ni kweli. Nilitaka kunyoosha mkono niseme kitu, lakini sikunyoosha.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Wewe ulikuwa Manyara. Mama alikwenda sokoni, Shabani amelala. Niliutoa ubao peke yangu kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama. Nilipanda. Nilitazama mlima, ulikuwa wazi asubuhi ile, nikakunja magoti, na gogo likatulia chini yangu kama mnyama aliyekubali. Nilihesabu ishirini. Nikaendelea. Niliacha kuhesabu, na nikasikia ulichosema husikika. Kisha nikashuka haraka, nikaurudisha ubao chini ya kitanda na kuulalia.

Uliporudi uliniita. Nilipanda, ukaanza kuhesabu, na kila namba niliiona ikija. Ulipofika kumi na mbili niliyakaza magoti, nikaanguka upande wa kamba za nguo. Ukacheka, ukaninyanyua, ukasema, "Kesho." Tukakaa juu ya ubao, migongo ukutani.

Nilitaka hiyo kesho, Baba. Ndiyo sababu. Nilijua nikifika ishirini tutakwenda Pangani, na nilijua pia kwamba masomo ya uwanjani yatakwisha. Pangani kuna mjomba wako, kuna jamaa zako, kuna yule mke mdogo wa bombani. Hapa uwanjani nilikuwepo mimi peke yangu. Nilikuwa nimekusubiri utoto wangu wote na sikutaka kukugawa na bahari. Nilijiambia nitaanguka mara hii tu. Kisha ulirudi safari nyingine, nikaanguka tena. Nilianguka vizuri. Siku nyingine nilifika kumi na tano, ili usikate tamaa.

Sikujua bei yake. Au nilijua nikaacha kuitazama. Ulikuwa umeahidi kutokwenda peke yako, na hukwenda. Wakati wa Idi nilikuona umeutoa ubao, umeuweka magotini, unaupaka nta ya mshumaa kuanzia mbele mpaka nyuma ili miguu isiteleze. Mama mwenyewe alikwambia, kwa sauti ya kutaka suluhu, "Hamisi, nenda tu. Mtoto hataweza, na mimi nimekuruhusu." Ukasema, "Nilisema wote." Ukamaliza kupaka. Ukaurudisha chini ya kitanda.

Halafu ukaniletea ile nguo ya mpira kutoka mitumbani. Muuzaji alikuambia ni ovaroli ya fundi wa magari. Wewe ulijua ni nini, uliiona kwenye magazeti ya wageni: nguo ya kuingilia baharini, nyeusi, mikono mirefu, miguu mirefu. Ulifurahi kwa sababu ilinisitiri mwili mzima na Mama asingekuwa na la kusema. Niliivaa juu ya gauni, ikanikaa. Ukasema, "Mwalimu, kilichobaki ni kumi na tano ifike ishirini." Jana niliijaribu. Imenibana mabegani, zipu haifungi. Imekuwa ndogo bila kulowa hata mara moja.

Ulirudi safari ya mwisho unatetemeka. Uliwashusha wageni wote hotelini kwanza, kila mmoja na begi lake, ndipo ukaja nyumbani. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Hospitalini Mama alinipisha nikae karibu nawe, alikwenda kutafuta maji. Ulifumbua macho. Ulinitambua, nina hakika. Uliuliza, "Mwalimu, umefika ngapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, ishirini, ni neno jepesi. Nikasema, "Kumi na tano."

Ukasema, "Bado kidogo."

Hukusema tena neno nililolielewa.

Sitaandika mazishi. Watu walikuwa wengi, madereva wenzako walikuja na magari ya kampuni mpaka barabara ikaziba. Mama yuko eda, hatoki nje ya uwanja. Bibi ameshuka kutoka mlimani kukaa nasi, yeye na ndizi zake, na ingawa ni Mlutheri amekuwa akimwamsha Mama alfajiri asipitwe na sala. Shabani ameacha kuuliza utarudi lini. Sasa anauliza uko umbali gani, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Lakini nataka kukueleza kuhusu ubao.

Siku za msiba meza zilikuwa chache. Kina mama wakauchukua mlango wa Hamisi, wakauweka juu ya matofali, wakakatia nyama na kupangia sahani. Niliona. Nilipita pale na masufuria mikononi nikaona damu ya mbuzi ikiingia kwenye nta yako, na sikusema. Mama alikuwa ndani. Ilipofika arobaini, baada ya hitima, Baba Mdogo alikuja kutoka Pangani kugawa nguo zako kama desturi ilivyo. Shati la drafti alipewa dereva mwenzako, koti akapewa muadhini. Alipofika uwanjani alimkuta Mama Neema akiusugua ubao, na Mama Neema alikuwa ametupikia siku zote zile bila kuchoka. Baba Mdogo anaishi nyuma ya mji, kwenye mashamba ya mkonge, hajapanda hata ngalawa. Akasema, "Mlango wenyewe hauna fremu. Mama, chukua, Mungu akulipe." Mama Neema akashukuru, akasema utamfaa kaka yake Loishiye, anayechoma nyama Kwa Mrombo. Ukapakiwa kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitabu cha baiolojia kifuani. Walipita nao karibu nami kiasi kwamba ningeweza kuugusa.

Mama alipouliza siku zilizofuata, Bibi alimwambia umegawiwa. Mama akasema, "Hata hivyo hapakuwa na wa kuutumia."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Jumamosi nilitembea mpaka Kwa Mrombo. Nilizunguka soko nikijifanya natafuta nyanya. Niliuona kwa mbali, nikaujua kwa ile ncha ya kiatu. Ulikuwa benchi. Loishiye aliuweka juu ya mawe mawili mbele ya jiko lake, na wanaume watatu walikuwa wameukalia wanakula mbavu. Nilirudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena nikarudi tena. Mara ya tatu yeye mwenyewe aliniita.

"Wewe binti wa nyanya. Kila siku unanitazama, nyanya hununui, nyama hununui. Umetumwa na bwana afya?"

Nilimwamkia. Nikasema mimi ni mtoto wa Hamisi dereva. Akaacha kisu. Akanipa pole kwa mikono miwili, akawaambia wale wanaume, "Huyu ni binti wa yule Mpwani." Kisha nikasema, na sikumbuki nilisemaje, kwamba nauomba ubao.

"Huu?" Akaupiga kofi. "Binti, huu mti gani? Nilitaka kukatia nyama, kisu kinazama kama kwenye mkate. Nikaufanya benchi, mteja akiinuka upande mmoja, mwingine anapaa. Juzi umemmwagia mzee wa watu supu yote." Wale wanaume wakacheka, mmoja akasema hata yeye alishapaa. "Baba yako alikuwa anaufanyia nini?"

Nikamwambia. Baba, nilimwambia mbele ya watu wote wale. Nilisema alikuwa anasimama juu yake baharini, wimbi linambeba. Loishiye alinitazama kuona kama namtania, akaona simtanii. Akasema, "Anasimama. Juu ya maji." Kisha akasema, "Kwa hiyo kumwaga watu supu ndiyo kazi yake."

Akasema atanipa, ila wateja wake watakaa wapi. Nimletee kitu cha kukalia, chochote kisichopaa.

Nilimpelekea benchi langu la kusomea. Nilikuwa sina kingine. Nililibeba kichwani kutoka Kaloleni, na niliporudi nilibeba ubao, mwepesi mno, nikaona aibu kwamba niliuacha uondoke kwa mkokoteni wakati ningeweza kuubeba mwenyewe. Sasa nakuandikia nimekaa kitandani, daftari magotini. Ubao uko chini yangu. Unanuka mafuta ya mbuzi, na una mikato ya visu upande mmoja, lakini haujapasuka.

Samahani. Nimeyapanga maneno mengine marefu na yote yanarudi hapo. Uliacha kitu ulichokipenda ili utupate sisi, na mimi nilikuwa nimekificha kile ulichokuwa unakisubiri. Sijui kama baba anaweza kugawanyika sawasawa kati ya watoto wake na ile sehemu yake inayotaka kusimama juu ya maji. Wewe ulijaribu. Ulikuwa umeshaipata njia, ilikuwa hapa uwanjani, na mimi ndiye niliyekuwa naizuia.

Nakuaga sasa, Baba. Nilale salama nawe ulale salama. Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, nitamwambia Mama, si kwa barua. La pili, ubao huu hautakaa tena chini ya kitanda changu kama kitu cha kufichwa.

Mwanao, yule wa vitabu,
Zena

Jumapili.

Baba, nilikuwa nimeshaikunja barua. Naifungua niandike tu nilichofanya.

Asubuhi niliutoa ubao uwanjani. Gogo lilikuwa nyuma ya pipa la maji, Bibi alikuwa akilitumia kuegemeza mlango wa jiko. Mama alikuwa amekaa kizingitini na kanga zake za eda, anachambua mchele. Aliuona ubao akaacha kuchambua. Hakuuliza umetoka wapi.

Nilimwomba Shabani ahesabu. Nilipanda, nikakunja magoti, nikautazama mlima. Shabani alihesabu kwa sauti ya shule. Aliruka kumi na sita, nikamwambia aanze upya, akaanza upya. Alifika ishirini. Aliendelea. Alipofika ishirini na tisa alikwama, kwa sababu hawajafundishwa zaidi ya hapo, na nikasikia Mama akisema, "Thelathini." Akaendelea yeye, polepole, mpaka sauti yake ikakatika katikati ya namba.

Nilishuka.

Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu kidato cha kwanza, Mama." Nikamwambia na yale ya hospitali.

Akasema, "Na yeye alikuwa anasubiri." Akaweka ungo chini akaingia ndani. Nilibaki nimesimama. Mama Neema alikuwa bombani, alifunga maji akaondoka bila kusema chochote, na yeye si mtu wa kuondoka bila kusema chochote.

Mama alikaa ndani mpaka jua likafika kwenye kamba za nguo. Alipotoka alikuwa na stilwaya, majivu kwenye kopo na kipande cha sabuni ya mche. Macho yalikuwa yamevimba. Aliupindua ubao, akapiga magoti, akaanza kusugua pale penye mafuta. Hakunitazama. Alisema, "Hatuwezi kupeleka mafuta ya mbuzi kwenye bahari ya watu."

Nilichukua ndoo. Nilikwenda bombani nikaijaza, nikarudi, nikapiga magoti upande wa pili, nikaanza kusugua kuanzia kwenye ncha.